Siku Bibi Alipopanda Masingini

Mwezi uliopita nilialikwa arusi Kizimbani. Mwanangu wa kiume alinichukua kwa gari lake, na tulipoiacha Bububu na barabara ikaanza kuingia mashamba, nikamwambia asimame kidogo. Alidhani moyo unanichafuka, maana gari na mimi hatujapata kupatana. Akazima moto, akanifungulia mlango. Nikamwambia sina kitu, nataka kuangalia tu. Upande wetu wa kulia msitu wa Masingini ulikuwa umejikunja juu ya ardhi, kijani kibichi, na kule juu imesimama minara ya simu.

"Unaangalia nini, mama?"

"Bibi yangu aliwahi kupanda pale."

Akacheka. Hakumdiriki bibi yangu. Anaijua picha yake moja tu, ile aliyopigwa studio, mwanamke mnene amekaa kitini na miguu haifiki chini, uso umekaza kama anayemsubiri mpiga picha akosee. Mtu huyo hawezi kumfikiria mlimani. Basi nikamsimulia njia nzima, mpaka tukafika kwenye pilau, na tangu siku hiyo nimekuwa nikijisimulia mwenyewe, hadi nikaona bora nikusimulie na wewe.

Kama wewe ni mtu wa nchi za milima, Masingini utaiita kichuguu. Sisi Unguja tumezaliwa juu ya kisiwa kilicholala, na kilima chochote kinachokufanya upumzike katikati ya safari tunakiheshimu. Katika zama zangu za skuli, mwanzoni mwa miaka ya sabini, watoto wa mjini tuliijua Masingini kwa jina. Tuliambiwa ina kima, ina chatu, ina giza mchana. Hakuna hata mmoja katika darasa letu aliyekuwa amefika.

Mimi nilikulia Jang'ombe, katika nyumba ya udongo yenye paa la bati na baraza ya saruji. Mama alikuwa ameolewa Pemba, nami nikaachwa kwa bibi mzaa mama ili asikae peke yake. Bibi alikuwa akiuza bajia za kunde. Kabla ya adhana ya alfajiri nilikuwa nikisikia jiwe la kusagia likisugua zile kunde zilizolala majini, sauti nzito ya kwenda na kurudi, kisha maji yakimwagwa uani, kisha kisu kikikatakata vitunguu na pilipili mbichi. Mpaka leo nikisikia vitunguu vinakatwa kwa haraka, mwili wangu hudhani ni wakati wa kuamka. Unga wa ngano wakati ule ulikuwa wa foleni, na mchele vilevile, lakini kunde zilikuwa hazikosekani, na bibi akisema madamu kunde zipo yeye hana la kumkosesha usingizi.

Kazi yangu ilikuwa kuchota maji bombani, kufagia baraza, na kuzipanga bajia kwenye sinia mdomo ukiwa umefungwa, kwa sababu mdomo ukifunguka mkono nao hupita njia hiyo. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mhindi mwenye duka, na binti yake ndiye niliyekuwa nikikaa naye dawati moja. Yeye akila bajia za bibi, nami nikila kachori za mama yake, na hapakuwa na mtu aliyeona ajabu.

Bibi alikuwa mtu wa watu, mcheshi, lakini bahari alikuwa haitaki. Sikukuu wenzangu wakipelekwa Forodhani, ukingoni mwa bahari, mimi nikipelekwa Mnazimmoja tu, na bibi huchagua kukaa mahali ambapo ameipa pwani mgongo. Nilipomuuliza, akanijibu, "Bahari mie tulishaonana zamani, yatosha." Sikuuliza tena. Watoto wa siku zile tukijua swali limekwisha lini.

Sasa, mwalimu wetu wa jiografia alikuwa kijana mrefu wa shamba, ametoka chuoni karibuni, shati lake jeupe limepigwa pasi mpaka linakata. Siku moja alikuwa akitufundisha milima. Kitabu kilikuwa na picha ya mlima wenye theluji kichwani, naye akaeleza kilele, mteremko, bonde, baridi ya juu. Mvulana wa dawati la nyuma akanyoosha mkono.

"Mwalimu, wewe umeshapanda mlima?"

Mwalimu mwingine angelimpiga kwa utovu wa adabu. Huyu wetu akakiangalia kitabu, akakifunga.

"Sijapata kupanda," akasema. "Basi tutapanda wetu."

Wavulana walipewa ruhusa makwao siku ileile. Sisi wasichana haikuwa hivyo. Mama wa rafiki yangu, yule binti wa dukani, alisema msituni mtoto wa kike haendi na mwanamume, hata akiwa mwalimu. Na wengine wakasema vivyo hivyo, kila mmoja akimtazama mwenzake kwanza. Ilibaki kidogo safari iwe ya wavulana peke yao. Nakumbuka jinsi nilivyolia uani, nimejificha nyuma ya pipa, si kwa sababu ya mlima hasa, bali kwa sababu nilijua wale wavulana watakavyorudi na kutuhadithia mwaka mzima.

Jioni moja mwalimu akaja kwetu. Bibi alikuwa barazani amekaa nyuma ya karai la mafuta ya moto.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, usikae upande wa moshi."

Akakaa. Akapewa bajia kwenye kipande cha gazeti. Akaizungushazungusha mkononi bila ya kuila.

"Bibi, wazee wa watoto wa kike wamekataa. Wanataka awepo mwanamke mtu mzima."

"Nao wana haki."

"Nimewauliza nani wanamtaka. Wote wamekutaja wewe."

Bibi akageuza bajia kwenye karai, moja baada ya moja. Alikuwa na magoti mabovu. Akitoka msikitini kwenye maulidi, watu wawili humsaidia kuvaa viatu.

"Mimi na unene huu," akasema. "Wamenichagua kwa miguu yangu?"

"Hapana, bibi. Wamekuchagua kwa sababu wanakuamini."

Nilikuwa nimesimama mlangoni nimeshika pazia. Bibi aligeuka akaniona, na nadhani aliuona uso wangu wote, na siku ile ya pipa pia aliiona. Akamwambia mwalimu, "Kula bajia yako isije ikapoa. Nitakwenda."

Siku ya safari tuliondoka na gari la shamba, lile la bodi ya mbao, madirisha yasiyo vioo. Ilikuwa msimu wa vuli, mawingu yakipita juu yetu na kuendelea na safari zao. Bibi alichukua kikapu kikubwa cha bajia, mihogo ya kuchemsha na chupa za maji. Rafiki yangu alikuja na chapati zilizofungwa kitambaa na kichupa cha achari ya ndimu, harufu yake ikatutangulia wote kuingia garini. Njiani bibi alituonyesha ilipokuwa ikipita treni ya Bububu alipokuwa mtoto, na wavulana wakaacha kupigania dirisha wakawa wanamsikiliza yeye.

Tuliteremka njia kuu, tukaingia mashambani. Watu walikuwa wameanika karafuu kwenye majamvi mbele ya nyumba zao, na harufu yake ilikuwa nzito mpaka unaihisi ulimini. Wanawake walituamkia na kutuuliza tunakwenda wapi. "Mlimani," tukajibu kwa majivuno, nao wakaangaliana. Kwao ilikuwa njia ya kuni.

Msitu ulipoanza, baridi ilitushika miguuni kwanza. Nakumbuka hicho kuliko chochote, kwamba ubaridi ulitoka chini, kwenye majani yaliyooza. Sauti zetu zikapungua zenyewe. Kima mmoja aliruka kutoka mti mpaka mti juu yetu, akaviangusha vijiti, na wale wavulana mashujaa wakarudi nyuma wote kwa pamoja wakamkanyaga mwalimu. Bibi alivua buibui, akalikunja akalifunga kiunoni, akavua na makubadhi yake akayatia kikapuni. Akatembea miguu mitupu, mkono mmoja begani kwangu. Mwanzo mkono ule ulikuwa mwepesi. Kadiri njia ilivyopanda, nao ukazidi uzito, mpaka nikawa nasikia pumzi yake shingoni mwangu.

Kwenye mfenesi mmoja mkubwa, mahali njia inapokaza, akasimama.

"Mie hapa nshafika," akasema.

Mwalimu akarudi kutoka mbele. Akamwangalia, na nikaona ameingiwa na wasiwasi. "Basi tutarudi sote, bibi. Tushaona msitu, watoto wameridhika."

"Nani aliyekwambia wameridhika? Waangalie." Akajiteremsha polepole kwenye mzizi. "Nendeni. Mimi n'acheni na kikapu changu. Mchana kweupe huu nani atanila?"

"Nitabaki na wewe," nikasema.

"Huna utakalobakia. Nenda ukaone, uje unambie."

Basi tukamwacha. Kuna watu wazima ukiwaacha mahali unajua utawakuta palepale, na bibi kwangu alikuwa mmoja wao. Yeye na nyumba kwangu vilikuwa kitu kimoja.

Sehemu ya mwisho tuliipanda kwa mikono na miguu. Nusu ya njia mvua ikatukuta, ile mvua ya vuli inayoanguka kwa kishindo kama mchele unaomwagwa kwenye sinia. Tukajibanza chini ya miti mpaka ikapita, kisha tukaendelea, tumelowa, tunateleza, tunacheka. Na ghafla hapakuwa tena na pa kupanda. Pale juu palikuwa na uwazi uliofyekwa, nyasi na mawe, na upande mmoja miti imefunguka.

Sijui nikuelezeje. Nilizaliwa mjini, nimekanyaga vichochoro vyake vyote, lakini sikupata kuuona. Ulikuwa pale chini, mdogo, umejibana kwenye ukingo wa maji. Tukaijua minara miwili ya kanisa, tukaujua mnara wa Beit el Ajaib, na nyuma yake mabati ya Ng'ambo, mitaa yetu, yanang'aa kwa mvua, yote yamechanganyika. Kila mtu akawa anatafuta bati la kwao. Rafiki yangu akanishika mkono akasema, "Duka letu na nyumba yenu haviachani hata ukiwa mbali hivi." Na kweli, kwa umbali ule usingeweza kupitisha hata uzi baina ya nyumba na nyumba. Mwalimu alikuwa amesimama nasi, anaangalia. Hakutufundisha chochote. Shati lake lilikuwa na matope mpaka kwenye ukosi.

Tulishuka kwa furaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno yote ya kumwambia bibi, la kwanza na la pili na la mwisho. Tulipofika kwenye mfenesi, mzizi ulikuwa mtupu.

Bibi hayupo. Kikapu hakipo. Pale alipokaa palikuwa na maganda ya muhogo tu, yameloweshwa na mvua.

Mwanzo tulidhani amejisogeza kuikimbia mvua. Tukaita. Msitu una tabia ya kuinywa sauti. Tunaita, na sauti inaishia kwenye majani ya karibu. Mwalimu akashuka mbio mpaka njia ilipo wazi, akarudi peke yake. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Alikuwa kijana mdogo, naelewa sasa, mdogo kuliko wanangu walivyo leo, na alikuwa ameingia nyumba baada ya nyumba akitoa ahadi. Akawaambia wavulana wakubwa wawili washuke mpaka majumbani wakaulize. Sisi wengine akatukataza kusogea.

Nilianza kufikiri mambo ya chatu. Kisha nikafikiri magoti yake, na jinsi udongo ulivyoteleza. Kisha nikafikiri nyumba yetu jioni ile, na jiwe la kusagia liko pembeni, na hakuna wa kulisugua. Rafiki yangu alikuwa amekwishaanza kulia kabla yangu, bila ya sauti, machozi tu yanashuka, na kwa kumwona yeye nami nikaanza.

Ndipo akatokea mwanamke mmoja kwenye kichaka, mzigo wa kuni kichwani, panga mkononi. Akatuangalia tulivyo, kundi la watoto wamelowa wanalia.

"Kuna nini?"

Mwalimu akamweleza. Mwanamke akasikiliza bila ya kuushusha mzigo.

"Bi mkubwa mnene, buibui kiunoni?"

"Naam, huyo huyo."

"Mbona huyo yuko juu?" Akaelekeza kwa panga upande wa pili wa mlima. "Mvua ilipoanza nilimkuta hapa, nikamtia kwenye kibanda chetu cha kuni. Akaniuliza kama iko njia ya mzee. Nikamwambia ipo, yazunguka, lakini haikazi. Nimemfikisha nikarudi. Mtakuwa mmepishana naye, nyie mkishuka huku, yeye akipanda kule."

Kisha mwalimu akakaa chini palepale kwenye tope, akajifuta uso kwa mikono miwili, na nilipodhani analia nikaona anacheka. Akamtuma mtoto mmoja akawarudishe wale wawili, nasi wengine tukageuka, tukaupanda mlima mara ya pili. Sijui kama kuna darasa jingine Unguja lililofanya hivyo siku moja.

Tulimkuta amekaa juu ya jiwe, kikapu miguuni, buibui ameshalivaa tena vizuri. Alikuwa ameshaswali adhuhuri. Alitusikia tukija lakini hakugeuka.

"Bibi, umetutia hofu kubwa," mwalimu akasema, akihema.

"Nisamehe, mwanangu. Niliona nyote mtarudi na hadithi, nami nitakuwa mtu wa kuhadithiwa. Nikasema hebu nijaribu." Kisha akanyoosha mkono. "Njoo unambie. Ule msitari ule, kule, ni nini?"

Alikuwa haangalii mji. Alikuwa anaangalia baharini, kupita visiwa vya Changuu na Bawe, mbali kabisa. Mvua ilikuwa imeisafisha hewa, na kule maji yanapokutana na mbingu palikuwa na uzi mwembamba wa buluu iliyokoza. Sisi tulipokuwa juu mara ya kwanza mawingu yalikuwa hayajaondoka, na hata yangeondoka, macho yetu yote yalikuwa yakitafuta mabati.

"Ile bara, bibi," mwalimu akasema.

"Bara ipi?"

"Bara hii. Tanganyika. Upande ule ndio Bagamoyo."

"Karibu hivi?"

"Karibu hivi. Siku ya hewa safi huonekana."

Tukakaa kumzunguka, mmoja mmoja, kwa sababu miguu ilikuwa imechoka na kwa sababu mtu hakuona uzuri kusimama. Ndipo bibi akaanza kusema, na hakuwa akisema na mimi wala na mwalimu.

"Mama yangu alinileta hapa mtoto wa mgongoni. Wakati tunavuka bahari ilichafuka, watu wakilia, naye akanifunika nguo usoni nisione maji. Hicho ndicho ninachokikumbuka, kiza cha ile nguo na chumvi. Nikafunuliwa nshafika Unguja. Kisha yeye akafa nami bado mdogo, sikupata kumuuliza tumetoka wapi. Nikiulizwa kwetu, nasema kwetu Jang'ombe. Basi mie umri wangu wote nimeiona bara kama ni mahali pa akhera, mtu haendi akarudi. Kumbe ni pale."

Alirudia tena, "Kumbe ni pale."

Nilikuwa sijapata kumwona bibi akilia, na hata siku ile sitosema alilia. Macho yake yalilowa, naye akayaacha yalowe, hakuyafuta. Mkono wake ulikuwa umekamata wangu, na haukuwa mzito hata kidogo. Mvulana wa dawati la nyuma, yule mwenye maswali, akauliza, "Bibi, basi kwa nini usiende?"

Nilitaka kumpiga. Lakini bibi alimwangalia kwa makini, kama mtu aliyeambiwa jambo la maana.

"Swali zuri," akasema. "Leteni kikapu, mle."

Tukala pale. Bajia zilikuwa zimepoa na mihogo imeingia maji ya mvua, na chapati za rafiki yangu ziligawanywa mpaka kila mtu akapata kipande cha ukubwa wa jani la mkunazi na tone la achari juu yake. Sijala chakula kitamu zaidi katika maisha yangu, na nimekula arusi nyingi.

Kushuka kulituchukua muda mrefu, tukifuata ile njia ya mzee, wavulana wakipokezana kumshika bibi. Tulipofika barabarani gari la shamba la mwisho lilikuwa limekwishapita. Lori lililobeba magunia ya karafuu kutoka Kizimbani likatuhurumia, na tukaingia mjini jua linazama, tumekaa juu ya magunia, nywele na nguo na ngozi zetu zinanuka karafuu. Wazee walikuwa wamejaa barazani kwetu. Mwalimu aliposhuka nilimwona anatafuta maneno. Bibi akamtangulia.

"Asilaumiwe mtu," akawaambia. "Aliyewachelewesha ni mimi. Nilikuwa na shughuli juu."

Mama wa rafiki yangu akamwangalia binti yake kichwani mpaka miguuni, akaona matope, akaona anacheka, akasema tu, "Nenda ukaoge."

Wiki ileile bibi akamwita mjomba, aliyekuwa akifanya kazi bandarini, akamwambia amtafutie ruhusa ya kusafiri. Zama zile mtu hakuwa akiondoka kisiwani hivi hivi. Mjomba alidhani ni mzaha, kisha akadhani ni maradhi, kisha akaenda. Ilichukua muda, lakini ruhusa ilitoka, na baada ya mvua za masika bibi yangu, aliyekuwa akiipa pwani mgongo, akavuka pamoja naye. Mjomba alitwambia kwamba njia nzima alikaa juu, uso wazi, hataki kufunikwa hata na kivuli.

Bagamoyo walizunguka mtaa kwa mtaa wakiulizia jina la mama yake. Hakuna aliyelijua. Miaka mingi ilikuwa imepita, na jina lile walikuwa nalo wanawake wengi. Siku ya mwisho ya kutafuta, mjomba anasema, bibi alikaa kwenye baraza ya nyumba moja kupumzisha magoti, na mwenye nyumba, mwanamke wa umri wake, mfumaji wa mikeka, akamletea maji. Wakazungumza. Mwanamke yule naye alikuwa na dada aliyechukuliwa ng'ambo hii akiwa mdogo, ambaye hajapata kumsikia tena. Umri haukulingana na wa bibi, majina hayakulingana, kila walipojaribu kuunganisha hapakuunga. Mwisho wakaacha kujaribu. Yule mwanamke akasema, "Mimi sina dada na wewe huna kwenu. Basi kaa." Bibi akakaa mpaka siku za ruhusa yake zikakaribia kwisha, na aliporudi Jang'ombe alitwambia, bila ya kufafanua, kwamba amempata ndugu yake.

Idi iliyofuata yule bibi wa Bagamoyo akaja kwetu na bunda la mikeka. Wakakaa wawili barazani, mmoja akipika bajia, mwingine akisuka, wakibishana kila kitu, chumvi, bei, namna ya kumlea mtoto wa kike. Akawa anakuja, na bibi akawa anakwenda, mpaka magoti yalipokataa kabisa. Likizo mbili tatu nami nilipelekwa, nikafundishwa kusuka ukili wa mikeka na wajukuu zake.

Wote wawili hawapo sasa. Nyumba ya udongo imevunjwa, pamejengwa ghorofa, na baraza haipo, maana watu wa sasa wanakaa ndani. Mwenye duka alihama na familia yake, kwanza Dar es Salaam, kisha mbali zaidi, na rafiki yangu nilimwona mara ya mwisho akiwa amelala begani kwa mama yake asubuhi ya kuondoka. Mwalimu alistaafu, akarudi kwao shamba, akazikwa huko. Sauti ya jiwe la kusagia sijaisikia miaka. Hakuna tena ule utaratibu wa mtaa mzima kumkabidhi bibi mmoja watoto wake na kulala usingizi, na hili ndilo ninalolikosa zaidi kuliko harufu yoyote na chakula chochote.

Lakini binti yangu mkubwa ameolewa Bagamoyo. Mume wake ni kitukuu cha yule msuka mikeka. Siku ya posa, shehe aliuliza, kama ada, iwapo baina yao kuna udugu unaozuia ndoa. Wazee wa pande mbili tukaangaliana, tukajikuta hatujui la kujibu. Tulikuwa tumeitana ndugu muda wote ule, tumezikana, tumeleana watoto. Ilibidi mjomba, mzee sana sasa, aliyeletwa kwa kiti, ainue mkono aeleze kwamba kwa damu hapana kitu, anajua yeye, alikuwepo.

Shehe akaandika. Na mwanamke mmoja wa upande wao, nyuma yangu, akanong'ona kwa uchungu kidogo, kama aliyenyang'anywa kitu chake, "Hapana kitu vipi?"